Mluzi Ndani ya Spika

Mashati kumi na mawili ya watoto wa shule yalikuwa yametapakaa barabarani, na katikati yake alilala aliyeyashona.

Ilikuwa saa tisa na robo mchana. Inspekta aliinua ncha ya shuka, akatazama, akairudisha taratibu. Marehemu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Kandambili moja ilikuwa mguuni, nyingine ng'ambo ya barabara.

"Alama za breki?" Inspekta aliuliza.

"Zipo, afande," alijibu koplo. Kituoni walimwita Haraka, kwa sababu ndiyo bidhaa pekee ambayo hakuwahi kuwa nayo. "Ila zimeanzia baada ya mwili. Hatua saba mbele. Kabla ya hapo hakuna hata mkwaruzo."

Inspekta alizipima kwa miguu yake. Hatua saba kweli. Dereva aligonga kwanza, ndipo akakanyaga breki, kisha akaondoka zake.

Muuza vocha wa kibanda cha karibu ndiye aliyeona.

"Gari la bluu, dogo. Namba nimeiandika kiganjani, hii hapa."

"Dereva mwanamume au mwanamke?"

"Vioo vyeusi tii, afande. Nisikudanganye."

Jioni, saa kumi na mbili, gari lilikuwa limepatikana. Lilikuwa limeegeshwa nje ya nyumba ya nesi mmoja, taa ya kushoto imepasuka, boneti imebonyea. Nesi mwenyewe alikuwa kitandani, ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Haraka alibandika karatasi ya kielelezo kwenye boneti palepale, akatia sahihi, gari likaendeshwa hadi uani kwa polisi. Nesi akaingia mahabusu na nguo alizokuwa nazo.

"Sikuliendesha mimi," alisema, na alilisema neno hilo usiku kucha. "Gari lilikuwa kwa fundi wa redio tangu saa nne asubuhi. Nimelichukua saa kumi na moja jioni."

"Na taa iliyopasuka hukuiona?"

"Niliiona. Nikamuuliza. Akaniambia aligonga nguzo akirudi nyuma, kwamba atanunua nyingine. Nilikasirika, afande, nikaondoka bila hata kuwasha redio yenyewe."

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala na mtoto."

"Nani alikuona?"

"Mama mkwe wangu."

Inspekta alifumba macho. Mama mkwe! Hakimu gani angesikiliza ushahidi wa mama mkwe?

Fundi wa redio naye alikuwa ameshahojiwa na Haraka jioni ileile, na jibu lake lilikuwa fupi: gari lilitoka mikononi mwake saa nane mchana, zima, halina hata mchubuko. Na fundi huyo hakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mji mzima ulimwita Sikio. Ving'ora vya magari ya polisi alivifunga yeye. Redio ya gari la mkuu wa kituo aliifunga yeye. Walisema ukimpelekea gari lenye kelele, anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza, kisha ananyoosha kidole mahali penyewe, na hakosei.

Asubuhi mkuu wa kituo alimwita Inspekta ofisini.

"Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana. Kusababisha kifo kwa uzembe na kukimbia eneo la ajali. Dhamana atapinga, na mimi simlaumu."

"Mkuu, akinyimwa dhamana atapelekwa gereza la wanawake. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Yule mtoto hagusi chupa."

"Watoto wote hugusa chupa njaa ikiwauma."

Huyu hajawahi kulea, Inspekta aliwaza, lakini akapiga saluti. Mshahara una adabu zake.

Kwenye benchi la korido alikaa mama mkwe, mtoto mgongoni. Kila baada ya saa tatu alifunguliwa mlango wa mahabusu, mtoto akanyonya, akatolewa. Katikati ya zamu hizo mtoto alilia. Alilia mpaka sauti ikakauka. Usiku walikuwa wamejaribu chupa mara nne, akaitema mara nne, na asubuhi ile midomo yake ilikuwa imeanza kupauka.

"Mwanangu," bibi alimwambia Inspekta, bila kumtazama. "Mkimpeleka huko mbali, huyu nitamzika. Sikutishi. Nimelea saba, najua mtoto anayekufa anavyolia."

Inspekta alitoka haraka kwenda uani, maana machozi ya askari hayana mahali pake kwenye sheria za jeshi.

Alifungua mlango wa gari la bluu, akakaa kwenye kiti cha dereva. Mwili ulikuwa mzito kwa kukosa usingizi. Hakujua alikuwa anatafuta nini. Alikwisha kulipekua jana akaambulia patupu: alama za vidole za nesi, za fundi, za mama mkwe, kila moja mahali inapotarajiwa.

Akazungusha ufunguo. Redio ikawaka. Kwa mazoea ya kazi aliandika kila namba iliyokuwa mbele yake: kilomita, mafuta, saa. Saa yake ya mkononi ilisema saa nne kamili asubuhi. Saa ya redio ilionyesha 17:40.

"Hata saa nayo imechanganyikiwa," alinung'unika.

Akawasha injini. Hapo spika zikatoa mluzi. Ulikuwa mwembamba, mkali, wa kutoboa kichwa kama mbu aliyeingia sikioni. Alipokanyaga mafuta, mluzi ukapanda. Alipoachia, ukashuka. Akazima haraka.

Akabaki amekaa. Fundi alikuwa amemwambia Haraka nini? Alirudisha kurasa za daftari. Alisema kazi ilikwisha na mteja akaridhika. Karidhika na mluzi huu?

Alirudi mahabusu akichanja mbuga.

"Gari ulilipeleka likiwa na tatizo gani?"

"Mluzi," alisema nesi. "Unapanda na kushuka na injini. Hii ilikuwa mara ya tatu namrudishia. Kila mara ananiambia umekwisha, nikifika njia panda naukuta."

"Na wewe boneti unaifungua mwenyewe?"

Nesi alimtazama kwa macho mekundu. "Afande, mimi boneti hata kitasa chake sikijui."

*

Karakana ya Sikio ilikuwa kontena mwisho wa mtaa, peke yake, mlango wake ukitazama ukuta wa ghala. Ndani kulikuwa safi kuliko jikoni nyingi. Nyaya zilipangwa ukutani kwa rangi. Fyuzi zilikaa kwenye vikopo vya maziwa kwa ukubwa wake. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya betri kuukuu, mtu mwembamba mwenye mvi chache na mikono mizuri.

"Karibu, Inspekta. King'ora kimeharibika?"

"Hapana. Nimekuja kujifunza."

"Kufanya nini?"

"Kujifunza." Inspekta alirudia. Fundi aliyakazia macho midomo yake, kama mtu anayesoma gazeti la jirani. "Kelele za redio. Zinatafutwaje?"

Hakuna fundi anayekataa swali la namna hiyo. Uso wake ulichangamka.

"Kwa mpangilio. Wengi wanaparamia, wanakata nyaya hovyo. Mimi kwanza nazima injini. Redio ikitulia, basi mluzi unatoka kwenye alteneta, mashine inayochaji betri. Halafu nakagua fyuzi. Halafu nachomoa nyaya za spika, moja moja. Mwisho nafika kwenye ethi. Huyo ndiye mchawi, mara tisa kwa kumi."

"Ethi?"

"Waya wa kurudishia umeme kwenye bodi. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, umeme unakosa njia, unapitia kwenye waya wa sauti. Hapo ndipo spika zinapiga mluzi. Unakwangua chuma kikang'aa, unafunga upya, kwisha."

"Hupigwi na umeme?"

"Nachomoa betri kwanza, upande wa hasi. Miaka thelathini, Inspekta, sijawahi kugusa waya ulio hai. Hata niwe na homa, hata niwe na msiba, spana namba kumi ndiyo inatangulia."

"Ukichomoa betri si redio inasahau kila kitu?"

"Kila kitu. Stesheni, saa, vyote vinarudi sifuri. Ukirudisha betri, saa inaanza kuhesabu upya. Ndiyo maana mimi huwa naiweka sawa kabla ya kumkabidhi mteja. Heshima ya kazi."

Inspekta alijilazimisha kutazama vikopo vya fyuzi.

"Jana kwenye gari la nesi ulichomoa betri mara ngapi?"

"Mara moja. Saa sita hivi."

"Ukairudisha saa ngapi?"

"Kama saa saba. Saa nane mteja kaondoka."

"Baada ya kusikiliza?"

"Alikaa, akasikiliza, akasema sasa imetulia kama maji mtungini."

Inspekta aligeukia mlangoni, akapiga hesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Redio ilionyesha 17:40 saa nne asubuhi. Rudi nyuma saa kumi na mbili, ni saa nne usiku. Rudi tena saa tano na dakika arobaini. Saa kumi na dakika ishirini jioni. Alirudia hesabu mara tatu kwa sababu hakuiamini, na mara zote tatu ilifika palepale.

Saa moja na ushei baada ya fundi cherehani kufa, mtu alikuwa amerudisha betri ya gari lile. Nesi hakujua hata kitasa cha boneti kilipo. Polisi waliibandika karatasi saa kumi na mbili, na karatasi haijachanika.

Lakini mtu hafungwi kwa saa ya redio. Wakili mzuri angesema ni pigo la ajali lililolegeza betri. Na saa ya mkononi ilikuwa inakaribia saa sita.

"Mzee," alisema, sasa akimtazama usoni. "Tusaidie kama mtaalamu. Njoo ulikague gari kituoni."

Sikio alifuta mikono, akachukua sanduku lake la vifaa. Alifunga kontena bila wasiwasi wowote. Inspekta alijikuta anamwonea huruma, na hiyo ilimkera.

*

Walifika saa saba kasorobo. Kwanza Haraka alichana karatasi ya boneti mbele ya mkuu wa kituo, akashika kichwa cha betri, akakitikisa. Hakikucheza hata kidogo.

"Kimekazwa barabara," alisema.

Mama mkwe alikuwa ametoka kwenye benchi, amesimama kwenye kivuli cha ukuta, anambembeleza mtoto. Inspekta alikaa nyuma ya usukani, Sikio kando yake, milango wazi.

"Sasa, fundi. Nataka uniambie kama kazi uliyomfanyia nesi ni nzuri, maana yeye anasema mluzi haujaisha."

"Umekwisha. Washa."

Inspekta akawasha. Mluzi ukajaa ndani ya gari.

"Unasikia?" alisema Sikio. "Safi."

Inspekta akakanyaga mafuta. Mluzi ukapanda, mwembamba, mkali, ukatoka milangoni mpaka uani. Askari wawili waliokuwa wakifua gwanda waligeuka. Mkuu wa kituo alikunja uso.

"Zimeni hilo lidude," mama mkwe alisema. "Linamtesa mtoto."

Sikio alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, ule mwinamo wake uliojulikana mji mzima, na usoni ana utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Kisha akatazama nje kupitia mlango. Akamwona Haraka, vidole viwili masikioni. Akamwona bibi, kiganja juu ya sikio la mtoto. Akamwona mkuu wa kituo, aliyempa kazi miaka kumi na tano, akimtazama kwa mshangao.

Utulivu ule ulimtoka taratibu. Inspekta alizima injini.

"Tangu lini?" aliuliza, na safari hii alihakikisha midomo inaonekana.

Fundi aliitazama mikono yake. "Mwaka wa pili sasa," alisema.

*

Alikiri ndani ya chumba cha mahojiano, Haraka akiandika. Alipoonywa kwamba maneno yake yangetumika mahakamani, aliomba onyo lisomwe tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kwanza zilikwenda nyenje," alisema. "Nilidhani mwaka ule hazikuja. Halafu mlio wa simu. Halafu mluzi wa alteneta. Miaka thelathini kichwa changu kimekaa kati ya spika, Inspekta. Zimenila."

"Ukaendelea kufanya kazi."

"Kwa mita ya kupimia umeme, na kwa nyuso za watu. Nikirekebisha naangalia uso wa mteja. Akitabasamu, najua kimya kimekuja. Huyu nesi hakutabasamu. Mara tatu karudi. Nilianza kuona watu wananong'ona."

"Jana saa tisa ilikuwaje?"

"Mita ilisema gari zima. Nikajua tatizo linakuja likitembea. Nikaliingiza barabarani. Nikaongeza sauti, nikainama, sikio nikalibandika kwenye spika ya mlango. Mkono mmoja kwenye usukani. Nilitaka niusikie mara moja tu. Nijue bado upo."

Kwa hiyo ndiyo maana hakukuwa na alama za breki kabla ya mwili. Inspekta alihisi uchovu wa siku mbili ukimshukia mabegani.

"Muuza vocha anasema marehemu alipiga kelele. Mara mbili."

"Kelele sikuzisikia. Kishindo nilikisikia." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Sauti nzito nazisikia zote."

Haraka aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Ulisimama?"

"Nilisimama. Nikaona mashati kwenye kioo. Nikaondoka."

"Ukarudi karakana, ukafanya nini?"

"Nikachomoa betri, nikakwangua ethi, nikafunga upya. Hata sijui kwa nini. Mikono ilifanya yenyewe."

"Na saa hukuiweka sawa."

"Saa gani? Ah." Alitikisa kichwa. "Niliisahau. Mara ya kwanza katika miaka thelathini."

"Tuje kwa nesi. Kwa nini umsukumie yeye?"

"Mngeniuliza kichwa changu kilikuwa wapi. Ningejibu nini? Watu hawaji kwangu kwa nyaya, nyaya kila mtu anazo. Wanakuja kwa sikio. Likijulikana limekufa, mimi ni nani? Nikajisemea yeye ni kijana, ana mume, ana kazi ya serikali, watamhurumia."

"Ulijua ana mtoto mchanga?"

"Nilimwona mgongoni mwake."

Inspekta alikuwa amewahoji wezi na wauaji, na wengi wao alishindwa kuwachukia. Huyu alimchukia kwa muda kama wa pumzi tatu hivi. Kisha chuki ikaisha, ikabaki huzuni tupu, na alimsogezea kalamu.

Mlango uligongwa. Mkuu wa kituo alikuwa na nesi, ameshatolewa mahabusu, mtoto kifuani ananyonya kwa pupa mpaka anakoroma. Alikuwa anatakiwa kusaini fomu ya kuachiliwa, na meza ilikuwa moja tu. Inspekta angeweza kumwambia asubiri nje. Hakusema.

Nesi alisaini. Alimtazama fundi, na wote walidhani atamtukana, na hakuna ambaye angemzuia. Aliongea kwa sauti ndogo, asimwamshe mtoto aliyekuwa anaanza kusinzia.

"Ungeniambia, mzee. Mimi nafanya kazi kliniki ya masikio. Mara zote tatu nilikuja na sare yangu."

Akageuka, akatoka. Mama mkwe alimpokea korido.

Sikio alimtazama Inspekta, kisha Haraka, kisha mlango.

"Amesema nini?"

Haraka alijifanya anapanga karatasi.

"Inspekta, nimeona midomo tu. Amesema nini yule binti?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso, akamrudishia neno kwa neno, kwa sauti kubwa, taratibu, mpaka akahakikisha amesikia.